Kukompaili sio kufanya kazi: Java 8 mpaka 21 kwenye pakeji zangu za Debian

Ilikuwa mwisho wa 2019, Ijumaa saa kumi jioni, simu inaita kutoka Morogoro, ni dada wa kaunta kwenye duka la dawa linalotumia mfumo wetu wa stoo na mauzo. "Kaka habari, mauzo yanaingia vizuri tu ila risiti haitoki, na watu wamejaa hapa." Usiku wa jana yake ndo nilikuwa nimeweka pakeji mpya kwenye repo yetu ya apt, yani ghala ambalo mashine za Debian zinachukulia programu, na mashine za wateja zinajiapdeti zenyewe alfajiri, kwaiyo nilijua hapohapo kwamba ni mimi, sio umeme wala mashine ya risiti ya EFD. Nikamuomba dakika kumi, nikaingia kwa ssh, kwenye logi nikakuta huu mstari:

java.lang.NoSuchMethodError: java.nio.ByteBuffer.flip()Ljava/nio/ByteBuffer;

Niliutazama muda mrefu sijaelewa. Hiyo flip ni metodi, yani kazi ndogo yenye jina ambayo kodi inaiita, na ipo kwenye Java tangu 1.4, mwaka 2002 huko, sasa inakuaje Java 8 iseme haiijui? Na programu inawaka fresh, unalogin, unauza, stoo inapungua, ikifika tu pale pa kutuma data kwenye mashine ya risiti inakufa.

Wateja wetu wote walikuwa Debian 9 (Debian ni aina ya Linux), Java 8. Mi mashine yangu ya kukompailia, yani ya kugeuza kodi kuwa faili za klasi ambazo Java inaziendesha, nilikuwa nimeshaipandisha Debian 10 iliyotoka Julai mwaka ule, na Debian 10 ilikuja na Java 11, Java 8 haimo kabisa kwenye repo yake. Nikajiona niko salama maana kwenye build nilikuwa nimeweka -source 8 na -target 8. Kila faili la klasi lina namba ya toleo ndani yake, Java 8 ni 52, Java 11 ni 55, 17 ni 61, 21 ni 65, na mi nilikagua kabisa nikaona 52, nikasema safi, twende.

Kumbe -target inabadilisha ile namba na muundo wa faili tu. Kompaila wakati wa kuangalia metodi zipi zipo bado anasoma laibrari za Java anayotembea nayo, yani 11. Kwenye Java 8 ByteBuffer haina flip yake yenyewe, inairithi kwa mzazi wake Buffer, na inarudisha Buffer. Java 9 wakampa ByteBuffer flip yake mwenyewe inayorudisha ByteBuffer, badiliko zuri tu kwa anayeandika kodi. Sasa kompaila anapoandika klasi haandiki jina la metodi peke yake, anaandika na aina ya kitu inachorudisha, kwaiyo klasi yangu yenye namba 52 ilikuwa inaulizia metodi ambayo Java 8 haijawahi kuwa nayo. Na Java haiulizi hadi siku mstari ule unapoguswa, ndo maana duka lilifunguliwa asubuhi na kila kitu kikaonekana sawa hadi mteja wa kwanza alipotaka risiti.

Dawa yake ni --release 8, ambayo ilikuja na Java 9 yenyewe. Hiyo inamlazimisha kompaila atumie orodha ya metodi za Java 8 iliyohifadhiwa ndani ya JDK (Java pamoja na vifaa vya kukompailia), ukigusa kitu kisichokuwepo kwenye 8 anakataa palepale. Kwa Maven, kile chombo cha kujengea programu za Java, ni maven.compiler.release. Mstari mmoja. Kama bado kuna mtu anatumia -source na -target pekee kwa ajili ya mashine zenye Java ya zamani naomba aache leo, sio kesho.

Ila siku ile sikuwa na muda wa kutafuta dawa, watu wamejaa kaunta. Nilitakiwa nirudishe pakeji ya zamani, na hapo ndo nikajifunza kitu kingine, apt hairudi nyuma yenyewe, ukishatoa 2.4 huwezi kuwapa watu 2.3 wakaipokea. Debian wana desturi yao ya zamani, unatoa namba 2.4+really2.3, apt inaiona ni kubwa kuliko 2.4 inaipokea, ndani yake kumbe ni 2.3. Saa kumi na moja kasoro risiti zilianza kutoka. Dada akanitumia meseji, "Zimetoka kaka, Mungu akubariki." Nilikaa kwenye kiti muda mrefu baada ya hapo, maana nilijua duka hilo ni moja tu na pakeji ilikuwa imeenda kwa wote, wengine walikuwa bado hawajapiga simu.

Tangu siku ile nikawa na sheria moja, kukompaili ni hatua ya kwanza tu, pakeji haijawa pakeji hadi iwake kwenye mashine safi yenye Java ileile ya mteja na iguse kila kona, pamoja na risiti.

Mwaka uliofuata tukaanza kuwahamisha wateja wenyewe kwenda Debian 10. Hii nilijiandaa zaidi, lakini ikaja ya JAXB, laibrari ya kusoma na kuandika XML. Java 8 ilikuwa inakuja na mambo ya XML ndani, javax.xml.bind na wenzake, Java 9 wakayaficha, Java 11 wakayatoa moja kwa moja pamoja na CORBA. Mfumo wetu ulikuwa unayatumia sehemu moja tu, kutoa ripoti ya mwezi kwenda kwa mhasibu. Mwezi! Yani unaweza kukaa siku 29 unajisifu umemaliza kuhama. Mi nilinusurika kwa sababu kabla ya kuhama nilipitisha jdeps --jdk-internals na jdeprscan --for-removal kwenye jar zetu zote (faili zinazobeba klasi), nikaiona mapema, nikaongeza libjaxb-api-java na libjaxb-java kwenye Depends, orodha ya vitu ambavyo pakeji yetu inavihitaji. Hizo komandi mbili zinaonyesha wapi kodi yako inagusa vitu vya ndani vya Java au vinavyokaribia kuondolewa, zinakuja na JDK bure na watu wengi hawajawahi kuziita hata mara moja.

Ya truststore, faili la vyeti vya seva tunazoziamini, ndo sikuiona. Pakeji yetu ikiinstoliwa, postinst yake (skripti inayojiendesha baada ya kuinstoli) inaita keytool, chombo cha Java cha vyeti, inatengeneza faili la vyeti vya seva yetu ya makao makuu. Kwa Java 8 keytool inatengeneza aina ya JKS. Kuanzia Java 9 ukiacha bila kutaja aina inatengeneza PKCS12. Tofauti yake utaiona hivi, JKS ukiifungua bila nywila vyeti vya wazi unavisoma tu, PKCS12 ile ya keytool vyeti vimefungwa kwa nywila, usipoitoa hupati kosa la nywila, unapata faili tupu. Na mfumo wetu ulikuwa hautoi nywila. Matokeo yake ni huu ujumbe ambao ukiusoma mara ya kwanza hauna maana yoyote: the trustAnchors parameter must be non-empty. Nilipoteza siku nzima kwenye mtandao wa mteja, nikikagua faiawoli, nikikagua saa ya mashine, nikampigia hadi jamaa wa kampuni ya intaneti, wakati tatizo liko kwenye mstari wa postinst nilioandika mwenyewe miaka miwili nyuma. Nikaweka -storetype JKS kwa wakati ule na baadae nikarekebisha mfumo utoe nywila. Kwaiyo ukiwa unakagua pakeji kwa ajili ya Java mpya usiangalie kodi ya Java pekee, angalia na skripti zote za pembeni, postinst, cron, skripti ya kuwashia. Skripti nyingi za zamani zinakata namba ya toleo zikitegemea "1.8", zikikutana na "11.0.4" zinaona Java ni toleo la 11 la kitu gani sijui au zinagoma kabisa.

Kuna na hii ya mashine moja Iringa. Pakeji inasema Depends: default-jre-headless (>= 2:1.11), apt imeridhika, Java 11 ipo imekaa /usr/lib/jvm, ila mfumo unakataa kuwaka unasema UnsupportedClassVersionError, 55.0 haijulikani mwisho ni 52.0. Kumbe kuna fundi alikuja kuweka programu nyingine, akaleta Java 8 yake ya tarball akaiweka kwa update-alternatives, komandi ya kuchagua Java ipi iitike, na ukishaichagua kwa mkono mfumo hauibadilishi tena hata ije Java mpya namna gani. Depends inakuhakikishia kwamba Java ipo kwenye mashine, haikuhakikishii kwamba ukiita "java" atakayeitika ni yule. Sikumlaumu fundi, programu yake ilihitaji ile. Nilibadilisha skripti yetu ya kuwashia itumie java-wrappers, ile yenye find_java_runtime, inatafuta yenyewe Java inayofaa badala ya kumuita yoyote aliyesimama /usr/bin.

Sasa wakati wote huo mi nilikuwa nachukua laibrari kutoka Debian yenyewe, sizibebi ndani ya jar moja kubwa. Wenzangu ofisini walikuwa wananiuliza kwanini najitesa, si ubebe kila kitu ndani pamoja na Java yake uachane na haya. Ni swali la haki. Jibu langu lilikuja Desemba 2021, ile Log4Shell, CVE-2021-44228, tundu la usalama kwenye log4j, laibrari ya kuandika logi, dunia nzima inatafuta log4j imejificha wapi ndani ya jar zilizo ndani ya jar nyingine. Sisi ilikuwa liblog4j2-java moja kwa kila mashine, Debian wakatoa marekebisho, apt ikachukua, nikakagua namba kwenye mashine zote nikalala. Siku ile niliamua kwamba kama nakula kwenye hii sahani lazima na mi nichangie, nikaanza kusaidia pakeji za Java ndani ya Debian.

Na huko ndo nikaona mzigo wenyewe. Huku nyumbani ukipandisha Java unapandisha programu yako moja. Kule ukibadilisha default-jdk, yani Java ya kawaida ya Debian nzima, unagusa mamia ya pakeji kwa pamoja, zote zinatakiwa zijengwe kutoka kwenye kodi asili, bila intaneti wakati wa kujenga, Maven haruhusiwi kwenda kuvuta chochote nje, anasoma /usr/share/maven-repo tu, na kwa kawaida laibrari moja ni toleo moja kwa wote. Debian 11 ilibaki na Java 11, Debian 12 ya Juni 2023 ikaenda 17, Debian 13 ya Agosti 2025 ikaenda 21. Fedora, Linux nyingine, wanakimbia zaidi, Fedora 33 ilikuwa 11, Fedora 36 mwaka 2022 ikawa 17, Fedora 40 mwaka 2024 ikawa 21. Kila moja ya hizo namba nyuma yake kuna watu wamejenga upya kila pakeji kuona zipi zinavunjika, wakafungua bagi moja moja, na wengi wao ni watu wa kujitolea.

Pachi yangu ya kwanza ilikuwa ndogo hadi nikaona aibu kuituma. Laibrari ya zamani, kwenye build.xml, faili la maelekezo ya kujenga, imeandikwa source 1.6, yani Java 6. Java 12 ilishaacha kukubali 6, Java 20 ikaacha na 7, kwaiyo kwenye 21 inakuambia 6 haikubaliki tumia 8 au zaidi. Nikabadilisha namba, ikajenga, nikafurahi, nikataka kutuma. Halafu nikakumbuka Morogoro. Nikaijaribu kwanza pakeji zinazoitegemea, moja ikavunjika kwa sababu klasi moja ilikuwa na kigezo kinachoitwa alama ya mstari wa chini peke yake, kitu ambacho Java 8 inanung'unika tu na kuanzia 9 ni kosa kamili. Yani namba moja kwenye build.xml ilinipeleka hadi kwenye pakeji nyingine kabisa.

Kwa anayetaka kuanza, tumia build-rdeps kujua nani anakutegemea, na ratt inajenga wote upya kwa sbuild kwenye mazingira safi. Inakula bando kweli, kila mazingira safi yanashusha JDK upya, mi niliweka apt-cacher-ng kwenye laptopu ya zamani nyumbani, kitu kikishashuka mara moja kinabaki, la sivyo nisingemudu kabisa.

Kitu kingine nilichokielewa huko ni mpangilio, nani atangulie. Kuna laibrari inaitwa ASM, kazi yake ni kusoma na kuandika faili za klasi, na iko chini ya vitu vingi sana, Groovy anaitumia, JaCoCo anaitumia, maven-shade-plugin anaitumia. ASM ya zamani ikikutana na klasi ya Java 17 inasema Unsupported class file major version 61 na kila kilicho juu yake kinaanguka. Mtu mgeni anaona pakeji kumi zimevunjika anaanza kuzitengeneza moja moja kutoka juu, anachoka bure. Shuka hadi chini kwanza, tengeneza ASM, kumi zile unaweza kukuta saba zimepona zenyewe. Gradle, chombo kingine cha kujengea kama Maven, ndo mgonjwa wa siku nyingi, kwenye Debian imekaa 4.4.1, toleo la mwaka 2017, kwa sababu mpya zinahitaji lugha ya Kotlin na Kotlin kuijenga kutoka kodi asili ni mlima mwingine. Ile 4.4.1 inatembea kwenye Java za leo kwa nguvu ya pachi tu. Nikiona watu wanaibeza huwa inaniuma, maana nimeona kazi iliyopo mle ndani na najua zimejengwa nayo pakeji ngapi.

Tukirudi nyumbani, 11 kwenda 17 ilinipa somo ambalo nililitafuta mwenyewe. Tangu Java 9 ukichungulia ndani ya klasi za Java kwa reflection ulikuwa unapata onyo, An illegal reflective access operation has occurred, na mstari wa mwisho wa onyo unasema wazi kwamba toleo la mbele litakataa. Laibrari yetu moja ya ripoti ilikuwa inatoa hilo onyo kila ikiwaka. Wateja wakiliona wanaogopa wanapiga simu, basi mi nikaweka 2>/dev/null kwenye skripti ya kuwashia, inayotupa maonyo na makosa yote, simu zikaisha. Miaka miwili na zaidi. Java 16 ikaanza kukataa, 17 ikaondoa na ile njia ya kuzunguka ya --illegal-access, na mfumo ukafa bila neno lolote kwenye logi, kwa sababu hata kosa lenyewe la InaccessibleObjectException nilikuwa nalitupa pamoja na maonyo. Nilitafuta kosa lisiloonekana siku mbili nzima. Tuliponea kwa Add-Opens kwenye manifesti ya jar hadi tulipopata toleo jipya la ile laibrari. Onyo nililopewa na watu waliojenga Java, tena kwa miaka, nililizima kwa mkono wangu.

17 kwenda 21 ilikuwa nyepesi, na ilileta zawadi ndogo. Tulikuwa na seva moja iliyowekwa bila locale yoyote (mpangilio wa lugha na herufi), na majina ya wateja yenye ng’ yaliyoandikwa kwa ile alama ya juu iliyopinda yalikuwa yanatoka Ng?osha, Ng?wandu kwenye faili za ripoti. Java 18 ilifanya UTF-8, mpangilio wa herufi za lugha zote, kuwa chaguo la kawaida la kusoma na kuandika faili, mashine iwe na locale au isiwe nayo. Tulipofika 21 majina ya Wasukuma wetu yakarudi mazima bila sisi kugusa kodi. Mzee mmoja Mwanza alipiga kusema sasa ripoti inamuita jina lake.

Sasa hivi seva zetu nyingi ziko Debian 13. Mashine ya kukompailia kila usiku inajenga mara mbili, mara ya kwanza kwa 21, mara ya pili kwa Java 25 ambayo bado hatuitumii kwa mteja yeyote, na kila ujenzi unawashwa kwenye mazingira safi, unauza dawa ya uongo, unatoa risiti, unatoa ripoti ya mwezi. Kwenye 25 vyote vinapita isipokuwa kuna laibrari moja inayotoa onyo kuhusu sun.misc.Unsafe, kwamba metodi zake za kugusa kumbukumbu zitaondolewa toleo la mbele. Nimeliacha linaonekana kwenye logi. Nimeshamuandikia mwenye laibrari na kumtumia pachi, bado hajajibu, wiki ijayo nitamkumbusha.